Propela ya Land Rover: Tuitunze, na Tujilinde Tunapoishusha



Mara nyingi kurasa hizi huwaletea habari za mishahara, mikataba na mikutano ya wenzenu walio ng'ambo ya mpaka. Safari hii tumeonelea tuandike juu ya chuma kimoja kinachozunguka chini ya gari la shamba. Sisi tunaoandika tunafanya kazi katika karakana ya shamba la chai, upande wa magharibi wa Uganda, kule ambako ardhi inapanda kuelekea milima ya Ruwenzori na mvua haina haraka ya kuondoka. Kila alfajiri wachumaji hupanda gari hilo kwenda shambani. Kila jioni mmoja wetu hulala chini yake na tochi. Kwa hiyo habari ya chuma hicho ni habari ya roho za watu wa juu na wa chini pia.

Chuma chenyewe ni propela. Wengine huiita propela shafti, na wengine shafti tu. Majina hayatudhuru. Kinachotudhuru ni kuisahau mpaka ianze kupiga kelele.

Tunazungumzia Land Rover ya umbo lile la zamani, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka mashambani kwetu na kwenu. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, likapitia majina mengi, Series I mpaka Series III, kisha 90 na 110, kisha Defender, na la mwisho la ukoo huo lilitoka katika kiwanda cha Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Defender iliyokuja baadaye ni gari la namna nyingine kabisa. Maana yake ni kwamba hizi zilizopo mikononi mwetu hazina ndugu wadogo wanaozaliwa. Ni za kutunzwa. Hata hivyo, mengi tutakayosema yanafaa pia kwa Land Cruiser na kwa magari mengine yenye ekseli nzima mbele na nyuma.

PROPELA INAFANYA KAZI GANI

Nguvu ya injini hupita kwenye klachi, ikaingia giaboksi, kisha ikaingia giaboksi ndogo ya kugawa nguvu. Hapo hutoka propela mbili: moja inakwenda nyuma kwenye difu ya nyuma, nyingine inakwenda mbele kwenye difu ya mbele. Giaboksi imefungwa kwenye chesi, nayo haichezi. Ekseli imening'inia kwenye springi, nayo hupanda na kushuka kwa kila shimo. Basi chombo kinachoziunganisha hakina budi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, nayo ni kukunjika na kurefuka. Kukunjika ni kazi ya krosi, zilizoko kila mwisho wa propela. Kurefuka na kufupika ni kazi ya meno ya kuteleza, pale ambapo kipande kimoja cha propela huingia ndani ya kingine.

Krosi ni msalaba wa chuma wenye mikono minne. Kila mkono umevikwa kikombe, na ndani ya kikombe mna sindano nyembamba za beringi zilizopangwa kuuzunguka mkono. Fikra ya kiungo hiki ni ya zamani sana. Katika nchi nyingi za Ulaya hupewa jina la Cardano, mtaalamu wa Italia wa karne ya 16, na Waingereza humtaja Hooke wa karne ya 17. Lakini aliyekifanya kiwe chombo cha kila siku cha magari ni Clarence Spicer wa Marekani, aliyepata hataza mwaka 1903. Ndiyo sababu jina la Spicer bado mnaliona juu ya visanduku vya krosi madukani.

Zipo tabia mbili za krosi ambazo fundi akizielewa, mengine yote humjia yenyewe.

Ya kwanza: zile sindano hazizunguki mzunguko mzima kama beringi ya gurudumu. Hutikisika tu, mbele kidogo na nyuma kidogo, palepale zilipo. Kwa hiyo uzito wote huangukia mahali pamoja, na grisi ikikauka kila sindano huchimba kijifereji chake kwenye mkono wa msalaba. Na kazi si ndogo. Land Rover 110 yenye tairi za kawaida za 7.50-16, ikienda kilomita 60 kwa saa, propela yake huzunguka takriban mara 1,400 kwa dakika. Kwa kila mzunguko, sindano zimetikiswa.

Ya pili: krosi iliyokunjika haizungushi sawasawa. Upande wa giaboksi ukizunguka kwa mwendo mmoja, upande wa pili huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Dawa yake ni krosi ya pili iliyoko mwisho mwingine, ambayo hukosea kwa kinyume na hivyo kulifuta kosa la ile ya kwanza. Lakini dawa hiyo hufanya kazi tu ikiwa masikio ya propela kwenye ncha zote mbili yamelingana kama kiwanda kilivyoyapanga. Tutarudi hapo, maana ndipo wengi wanapoharibu.

DALILI ZA UGONJWA

Propela haivunjiki bila kutoa taarifa. Dereva akiachia klachi na kusikia "kla!" moja chini ya miguu yake, au akisikia mlio kama wa ndege mdogo, chwi-chwi-chwi, unaofuata mwendo wa gari linapokwenda polepole, hiyo ni krosi iliyokauka. Sakafu ikianza kutetemeka kwenye mwendo fulani tu, kisha mtetemeko ukatulia ukipunguza au ukiongeza, itazame propela yenyewe: huenda imepinda, imebonyea, imepoteza kile kibati cha mizani kilichochomelewa kiwandani, au imebeba tope kavu upande mmoja. Jambo hili la tope ni la kweli, wala si mzaha. Tumewahi kuona gari likishtakiwa wiki nzima, kumbe lilihitaji ndoo ya maji.

Ukiinama chini, tafuta vumbi jekundu kama ugoro kuzunguka vikombe vya krosi. Hiyo ni kutu inayosagwa. Ukiiona, usihangaike tena na pampu ya grisi. Krosi hiyo imekwisha, na grisi utakayotia leo itanyamazisha kelele bila kurudisha chuma kilicholiwa.

Kuijaribu kwa mkono ni rahisi. Simamisha gari mahali tambarare, ziba magurudumu, weka gia huru, legeza breki ya mkono, kisha shika propela kwa mkono mmoja na flenji kwa mkono mwingine, ukaizungushe huku na huku. Flenji na propela zikitembea pamoja, mchezo uko ndani ya difu au giaboksi, na kwa Land Rover mchezo kidogo wa namna hiyo ni wa kawaida. Moja ikitembea na nyingine ikabaki, mchezo uko kwenye krosi. Kisha chukua chuma kirefu, jaribu kuinua krosi juu na chini. Ikicheza hata unywele, ibadilishwe.

GRISI, NA KITABU CHA GRISI

Kwa njia nzuri vitabu vya gari hutaka propela itiwe grisi kila kilomita 10,000 hivi. Njia zetu si nzuri. Shambani kwetu tunatia kila nusu ya hapo, na gari likivuka mto hata maji yakagusa ekseli, tunatia siku hiyohiyo kabla halijalala, kwani maji yaliyoingia usiku mmoja huacha kutu asubuhi.

Tumia grisi ya lithiamu namba 2, ile ya kazi nzito. Pangusa nipeli kwanza. Grisi inayosukuma mchanga mbele yake ni msasa. Pampu polepole mpaka grisi mpya itokee kwenye vikombe vyote vinne. Ikitoka kwenye vitatu tu, usiridhike: zungusha propela, isukume ili kile kikombe kilichoziba kipate nafasi, upampu tena. Kikombe kimoja kikavu kinatosha kuiua krosi nzima.

Kwenye meno ya kuteleza mambo ni kinyume. Hapo grisi ikizidi ni hatari. Ikijaa ndani haina pa kutokea, na springi zinapobonyea propela hukataa kufupika, ikazisukuma beringi za giaboksi na difu kwa nguvu zote. Mara chache za pampu zinatosha.

Na kila mara, andika. Tarehe, kilomita, aliyetia. Wengine huona kitabu hicho ni kazi ya karani. Sisi tunakiona kama risiti.

Tuwaeleze kwa nini. Majira fulani ya mvua, dereva mwenzetu alikuwa akiteremsha wachumaji kwa Land Rover 110. Krosi ya mbele ya propela ya nyuma ilikatika. Propela ikapiga sakafu mara kadhaa, wanawake waliokaa nyuma wakapiga kelele, na dereva akalisimamisha gari kwa breki ya mguu. Hapo alikuwa amefanya vizuri. Akavuta breki ya mkono, akaacha gia huru, akashuka kwenda kutazama. Gari likaanza kutembea lenyewe, limejaa watu. Utingo, kijana mwepesi, alisukuma jiwe chini ya gurudumu na kulizuia kabla halijafika kwenye mtaro. Hakuumia mtu.

Wiki iliyofuata ofisi ya shamba ilimwandikia dereva barua: atakatwa mshahara kulipa propela na sakafu, na barua ikaongeza kwamba hata kuegesha gari hakujua. Kamati ya chama ikaomba mambo mawili tu, kitabu cha grisi na faili la maombi ya vipuri. Kitabu kilionyesha kwamba kwa miezi minne hakikuandikwa lolote, kwa kuwa stoo haikuwa na grisi. Faili lilikuwa na ombi la krosi mbili, lenye sahihi ya fundi, lililokaa bila jibu. Barua ile iliondolewa. Kama fundi yule angelisema kwa mdomo tu, "niliwaambia", leo mwenzetu angekuwa bado analipa.

Wenye ofisi wakumbushwe pia kwamba Mkataba Nambari 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani unasema hatua za usalama na afya kazini zisiwagharimu wafanyakazi kitu, na kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini ipo, alindwe asiadhibiwe. Nchi zetu zina sheria zake za usalama kazini: Tanzania ya mwaka 2003, Uganda ya 2006, Kenya ya 2007. Katibu wa tawi anayo haki ya kuziomba na kuzisoma.

BREKI YA MKONO ISIYOSHIKA GURUDUMU

Kwa nini gari lile lilitembea ilhali breki ya mkono ilikuwa imevutwa? Hapa ndugu zetu wasikilize vizuri, hasa vijana wanaoingia karakana kwa mara ya kwanza.

Katika magari mengi breki ya mkono hukamata magurudumu ya nyuma. Katika Land Rover hizi haiyakamati. Ngoma yake imefungwa nyuma ya giaboksi ndogo, pale propela ya nyuma inapoanzia. Hukamata propela, na propela ndiyo inayokamata magurudumu kupitia difu. Ondoa propela, au acha ikatike, na breki hiyo itakamata hewa.

Kwa hiyo mtu anayelala chini ya Land Rover, akaamini breki ya mkono, akafungua bolti za propela ya nyuma, anafungua kwa mikono yake mwenyewe kile kilichokuwa kinalizuia gari lisimpitie juu. Bolti ya mwisho ikitoka, hana breki.

Na hata propela ikiwa mahali pake, iko hila nyingine. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu hulipa gurudumu lililo hewani ruhusa ya kuzunguka kinyume, na lile lililobaki chini ruhusa ya kwenda. Breki imevutwa, propela imetulia, na gari linateremka kutoka kwenye jeki. Watu wamepondwa namna hiyo.

Kanuni zetu za karakana ni hizi, na hatumwachi mtu kuzivunja hata awe msimamizi mwenye haraka. Gari husimama kwenye sakafu ngumu, tambarare. Magurudumu huzibwa kwa kabari za mbao mbele na nyuma, ekseli zote mbili, na kabari huwekwa kabla mtu hajainama. Ikiwa kuna haja ya kuinua, stendi za chuma huwekwa chini ya ekseli. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kulalia chini yake. Ufunguo wa gari hukaa mfukoni mwa yule aliye chini. Land Rover iko juu kiasi kwamba propela nyingi hushuka bila jeki yoyote, na hiyo ndiyo njia tunayoipenda.

Neno moja zaidi kabla hatujashika spana. Ngoma ile ya breki iko puani mwako unapofanya kazi. Bitana za breki za magari ya zamani zilikuwa na asibesto. Usiipulizie vumbi lake kwa hewa ya kompresa. Ipanguse kwa kitambaa kibichi.

KUISHUSHA

Safisha kwanza, kisha tia alama. Chora kwa patasi ndogo au kwa rangi mstari unaopita flenji ya propela na flenji ya giaboksi, mwingine kwenye difu, na wa tatu kwenye meno ya kuteleza, vipande vyote viwili. Hii ndiyo habari ya masikio tuliyoiahidi. Fundi akichomoa vipande viwili na kuvirudisha jino moja pembeni, makosa ya krosi mbili hayafutani tena, na gari litatetemeka mpaka livunje kitu. Wengine husema, "Linganisha masikio tu, utakuwa salama." Si kweli kila mara. Baadhi ya propela za mbele kiwanda kiliyapisha masikio kwa makusudi, na fundi mjuaji akiyalinganisha huwa ameharibu. Alama uliyoitia kabla ya kufungua ndiyo shahidi wa kweli.

Kila flenji ina bolti nne. Za Land Rover ni za inchi na hutaka spana ya 9/16. Spana ya milimita 14 haiingii, na ya 15 huingia kwa kulegea na kula pembe za nati. Huu ni ugomvi wa kudumu kati yetu na stoo, kwani vifaa vinavyoletwa siku hizi vingi ni vya milimita. Mtu akiteleza na spana legevu, ngumi yake huishia kwenye chesi. Spana sahihi ni kifaa cha usalama kama buti.

Nafasi ya bolti ni finyu. Fungua mbili unazozifikia, toka chini, ondoa kabari, legeza breki, sogeza gari kidogo ili propela izunguke, ziba tena, ndipo urudi chini. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo maana watu huiruka. Ukibakisha bolti moja kila upande, mwambie mwenzako ashike propela isikuangukie kifuani.

KUBADILISHA KROSI

Funga propela kwenye jiliwa, au vaisi kama wengi wasemavyo, lakini ubane sikio, usibane mwili. Mwili ni bomba jembamba na ukibonyea hautengenezeki. Vaa miwani. Vikombe vya krosi ni chuma kilichokaushwa kwa moto, kigumu kama kioo, na kipande kidogo kikirukia jichoni hospitali ya wilaya haitaweza kukusaidia sana.

Toa zile pete ndogo za kufungia, saklipu, kwa koleo lake. Zikigoma, gonga kikombe kidogo kuelekea ndani ili kuipunguzia pete mzigo. Kisha gonga sikio, si kikombe, kwa nyundo ya shaba au ya mbao: sikio linashuka, kikombe kinapanda chenyewe mpaka unakishika kwa koleo. Au tumia jiliwa, soketi ndogo upande mmoja wa kusukuma, soketi kubwa upande wa pili wa kupokea.

Krosi mpya ipimwe kabla ya kuikubali. Land Rover zina krosi za saizi zaidi ya moja, na mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kwa upana. Madukani bandia ni nyingi. Toa kikombe kimoja, tazama sindano zote zipo na zinang'aa, pitisha ukucha kwenye mkono wa msalaba, ukikwaruza, rudisha.

Paka grisi ndani ya vikombe ili sindano zisimame ukutani. Ingiza msalaba kwanza, nipeli ikitazama upande wa mwili wa propela ili pampu iifikie. Anza kikombe kimoja, vuta mkono wa msalaba uingie ndani yake, ndipo uanze cha pili, ukisukuma polepole kwa jiliwa. Kila hatua tikisa msalaba: ukienda laini, endelea. Ukikwama, simama. Karibu kila mara ni sindano moja iliyoanguka na kulala chini ya kikombe. Anayeongeza nyundo hapo huivunja, na saklipu hukataa kuingia kwenye fereji lake. Saklipu isiyokaa sawasawa itaruka njiani, na kikombe kitaifuata.

Zikishaingia zote, gonga masikio kidogo kuzituliza. Krosi nzuri hukunjika kwa mkono bila kukwama na bila mchezo.

Ikiwa masikio yenyewe yamepanuka matundu, meno ya kuteleza yamelika hata yanacheza, au mwili umepinda au umebonyea, usipoteze krosi mpya humo. Propela nzima ibadilishwe. Tunapinga vikali desturi ya kuikata na kuichomelea chini ya mti. Propela iliyochomelewa bila kunyooshwa na kupimwa mizani inarudi barabarani na watu juu yake. Ile ya nyuma ikikatika upande wa mbele, ncha yake huanguka, ikachoma ardhi kama mkuki na kulinyanyua gari. Na ikizunguka ikiwa imening'inia hukata bomba za breki.

KURUDI NYUMBANI NA PROPELA MOJA

Propela ya nyuma ikikatika mbali, usiivute ikining'inia. Ziba magurudumu kwa mawe, ishushe yote, kisha weka gari kwenye magurudumu manne, yaani kwa 110 na Defender funga difu ya katikati. Gari litavutwa na ekseli ya mbele, na breki ya mkono itashika tena, safari hii kupitia magurudumu ya mbele. Kwa Land Cruiser zenye kufuli za mkono kwenye magurudumu ya mbele, usisahau kuzifunga. Watu washuke. Wachumaji hurudi kwa miguu au husubiri gari jingine.

Na kinyume chake: ukiwa kwenye lami kavu, ondoa kufuli la difu ya katikati, au magurudumu manne kwa Series. Kwenye kona magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope huteleza na kupumua, kwenye lami hayana pa kupumulia, na mkazo wote huingia kwenye propela. Madereva wetu wengi huacha kufuli siku nzima ili wasisumbuke. Krosi hulipa.

Tuguse pia trekta, kwa kuwa nyuma yake mna ndugu wa propela hii, ile shafti inayozungusha mashine ya kukatia majani au pampu ya maji. Ina krosi zilezile, ila haiko chini ya gari. Iko kwenye magoti ya mtu. Huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani 9 kwa sekunde moja. Khanga, mkono wa koti au kamba ya aproni ikinaswa, mtu huvutwa kabla hajatamka neno. Kifuniko chake cha plastiki kisitolewe kamwe ili "kurahisisha grisi". Trekta lisilo na kifuniko lisiwashwe.

KUIRUDISHA

Safisha nyuso za flenji mpaka chuma kionekane, kwani punje ya tope hapo huipindisha propela nzima. Fuata alama zako. Tumia nati mpya zenye pete ya nailoni. Zilizokwisha kufunguliwa hulegea. Zikaze kwa msalaba, moja na inayoikabili, mpaka Nm 47 kwa Defender kama karakana ina spana ya kupimia. Tia grisi, kwa sababu krosi mpya huja na grisi ya kuhifadhia tu. Kabla ya kuondoa kabari, vuta breki ya mkono na ujaribu kusukuma gari.

Liendeshe bila abiria, kilomita kumi hivi, lirudi, ulale chini tena na kuzigusa nati zote nane kwa spana. Andika kitabuni tarehe, kilomita na jina la aliyekaza. Wenzetu wa Kericho na Mufindi wenye njia bora ya kuzifikia zile bolti za juu bila kulisogeza gari, watuandikie. Tutaichapa katika ukurasa huu.